Ngano ya Spelti: Jina Jingine, Ngano Ile Ile



Tuliahidi kwamba mwezi huu tutaendelea na somo la meno ya watoto. Mtuwie radhi, somo hilo litasubiri. Limetokea jambo linalotulazimu kuzungumza kwanza juu ya unga.

Mama mmoja alituletea binti yake wa miaka tisa. Binti huyu tunamfahamu tangu akiwa mgongoni. Kwa miaka mingi tulimwona akija na tumbo lililojaa, mikono myembamba, midomo myeupe kwa upungufu wa damu, na kuhara kusikokoma. Tulimpa dawa ya minyoo. Tulimpa dawa ya amiba. Tulimpima kifua kikuu. Na tukiri bila kuficha: tulimkaripia mama yake pia, tukidhani hampikii mtoto ipasavyo. Mwishowe alipelekwa hospitali kubwa mjini. Huko walipima damu, wakachukua na kipande kidogo cha utumbo, wakasema mtoto ana ugonjwa wa siliaki, asile ngano tena maisha yake yote. Mama akatii. Baada ya miezi michache mtoto alikuwa mwingine kabisa, anakimbia, anacheka, na sare yake ya shule ikawa fupi.

Kisha shangazi yake, anayefanya kazi Ujerumani, akawatumia kilo tano za unga na ujumbe wa furaha. Alisema unga huu si ngano, unaitwa Dinkel, ni nafaka ya kale, hata Mtakatifu Hildegard aliisifu, na huko Ulaya watu wanaosumbuliwa na ngano wanaila. Mtoto ambaye hakuonja chapati kwa mwaka mzima akapikiwa chapati. Wiki ya tatu alirudi kwetu akiwa amelegea, amepungua kilo mbili, anaharisha mara sita kwa siku.

Shangazi hakuwa na nia mbaya hata kidogo, wala mama. Walidanganywa na jina. Kwa kuwa mizigo ya namna hii inafika katika parokia zetu kwa njia ya ndugu walioko Ulaya, wageni na marafiki wa misheni, tumeona ni vema tueleze unga huu ni kitu gani, unapikwaje, na nani asiuguse.

SPELTI NI NINI?

Waingereza huiita spelti, Wajerumani huiita Dinkel. Ni ngano. Wataalamu wa mimea huiweka katika ukoo mmoja na ngano ya mkate tunayoijua, kama vile ng'ombe wa kienyeji na ng'ombe wa kisasa walivyo ng'ombe wote wawili. Imelimwa Ulaya tangu enzi za kale, hasa kusini mwa Ujerumani katika nchi ya Swabia, Uswisi, Austria, milima ya Ardennes huko Ubelgiji, na Asturias kaskazini mwa Hispania.

Tofauti yake kubwa iko kwenye ganda. Ngano ya kawaida ukiipiga na kuipeta, punje hutoka ikiwa uchi. Spelti hung'ang'ania ganda lake kama mpunga. Ni lazima ipelekwe kwenye mashine ya kukoboa kwanza, ndipo isagwe. Karibu theluthi moja ya uzito wa mavuno huishia kuwa maganda. (Wajerumani hawayatupi. Huyajaza kwenye mito ya kulalia.) Isitoshe, mmea wake ni mrefu, ukiwekewa mbolea nyingi huanguka. Ndiyo sababu katika karne ya 19 na ya 20 wakulima wengi waliiacha, wakachukua ngano yenye mavuno mengi na isiyo na kazi ya kukoboa. Imerudi sokoni katika miaka ya karibuni kwa wale wanaopenda vyakula vya asili, na bei yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya ngano.

Wako wasomaji watakaokumbuka Biblia. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 9, kwenye pigo la mvua ya mawe, na katika Ezekieli sura ya 4, inatajwa nafaka iitwayo kwa Kiebrania kusemethi, na baadhi ya tafsiri za Kiswahili zimeliacha neno hilo hivyo hivyo. Tafsiri nyingi za zamani za Ulaya ziliandika spelti. Wataalamu wengi wa siku hizi wanaona kwamba ilikuwa ngano nyingine ya kale yenye ganda. Kwa hiyo anayeuza unga wa spelti kwa jina la Ezekieli anauza zaidi ya anachokijua.

NA MTAKATIFU HILDEGARD?

Hildegard alizaliwa mwaka 1098 na kufariki mwaka 1179. Alikuwa mtawa wa Kibenediktini, mkuu wa monasteri karibu na mji wa Bingen kando ya mto Rhine. Alitunga nyimbo, aliandika maono yake, na aliandika pia juu ya mimea na magonjwa. Papa Benedikto XVI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa tarehe 7 Oktoba 2012. Sisi wauguzi tunamheshimu kwa namna ya pekee.

Ni kweli aliisifu spelti. Aliiona kuwa nafaka bora kuliko nyingine, laini kwa tumbo, yenye kumpa mtu nguvu, damu njema na moyo mchangamfu. Lakini aliandika kwa maarifa ya karne ya 12. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba ndani ya ngano kuna protini inayoweza kuuharibu utumbo wa baadhi ya watu. Sifa zake zilikaa vitabuni mpaka mwaka 1970, daktari Gottfried Hertzka alipochapisha kitabu juu ya tiba za Hildegard, na tangu hapo jina la mtakatifu limebandikwa kwenye mifuko mingi ya unga. Utakatifu wake haupungui tukisema kwamba katika jambo hili la siliaki hawezi kuwa daktari wetu.

Kwa upande wa lishe, spelti isiyokobolewa pumba ni chakula kizuri. Katika gramu 100 za punje kuna protini kama gramu 14 hivi, na nyuzinyuzi kama gramu 10, pamoja na madini ya chuma na magnesi. Hata hivyo, unga wa ngano nzima nao ni chakula kizuri, na tofauti kati yao si kubwa kiasi cha kuuza kuku ili kununua spelti. Faida kubwa inatoka kwenye pumba. Ukila spelti nyeupe iliyochekechwa, umekula karibu sawa na unga mweupe wa dukani.

JIKONI

Kama nyumbani kwenu hakuna mwenye ugonjwa tuliousema, na umeletewa unga huu, usiutupe wala usiogope. Unapika vizuri, ila una tabia zake. Tulifundishwa na sista mmoja Mjerumani tuliyefanya naye kazi wodi ya wazazi, ambaye siku zake za mapumziko zilikuwa siku za mkate.

Ndani ya unga wa ngano yoyote kuna gluteni. Ndiyo inayofanya donge livutike na kuikamata hewa ya hamira. Gluteni ya spelti huvutika kwa urahisi lakini haina nguvu ya kujirudisha. Ukiikanda kwa dakika kumi na tano kama tulivyozoea kwa mkate wa ngano, donge linalegea, linanata mikononi, na mkate unatambaa badala ya kupanda. Sista alikuwa akitupiga mikono kwa mwiko: "Basi, basi, limechoka!" Dakika nne au tano zatosha, tena kwa mikono ya upole.

Kosa la pili ni maji. Spelti hunywa maji machache kuliko ngano. Anza na pungufu, uongeze kidogo kidogo. Na la tatu, mkate wake hukauka mapema, kesho yake tayari ni mkavu. Wajerumani wana dawa ya hilo, nayo ni kupika kwanza uji. Tuchukue unga gramu 500. Toa vijiko vitatu vya mezani, ukoroge katika mililita 125 za maji baridi, weka motoni huku ukikoroga mpaka uwe uji mzito unaoachia sufuria. Uache upoe kabisa. Kisha changanya na unga uliobaki, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, kijiko kimoja na nusu cha chai cha hamira kavu, kijiko cha mezani cha mafuta, na maji ya uvuguvugu kama mililita 200. Uji ule hushika maji ndani ya mkate, nao hukaa laini siku mbili au tatu.

Funika donge saa moja, mpaka likaribie kuwa mara mbili. Usilisahau ukaenda kisimani, maana spelti iliyoumuka kupita kiasi hubonyea na hairudi tena. Tia kwenye kopo lililopakwa mafuta, kwa sababu bila kopo itatandaa, acha nusu saa nyingine, halafu oka katika moto mkali, nyuzi 200 hadi 220, kwa dakika 40 hivi. Asiye na oveni aweke kopo ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, mkaa kidogo chini na mkaa mwingi juu ya mfuniko. Gonga mkate kwa chini. Ukilia kama ngoma, umeiva.

Chapati za spelti ni rahisi kuliko mkate, kwa kuwa donge linakubali kusukumwa bila kujikunja. Tumia maji ya moto kidogo, na uliache lipumzike robo saa. Tatizo ni kwamba zinakuwa nzuri, na hapo ndipo yule mtoto wetu alipoponzwa.

Watu wa Swabia wana chakula chao kiitwacho Spätzle. Ni unga gramu 400, mayai manne, chumvi na maji kidogo, vinapigwa kwa mwiko wa mbao mpaka rojo liwe zito na kuanza kutoa mapovu. Wanalitandaza kwenye ubao na kulikwangua vipande vyembamba ndani ya maji yanayochemka. Vikielea juu, vimeiva. Tulivila na mchuzi wa kuku, na wagonjwa walivipenda kuliko makaroni.

Ukiletewa punje nzima zilizokobolewa, zilowekwe usiku kucha na kuchemshwa kama saa moja, ziliwe na maharage kama makande. Kuna nyingine za kijani ziitwazo Grünkern. Hizi huvunwa mbichi, kabla ya kukomaa, na kukaushwa kwa moto, desturi iliyoanza kwa wakulima waliotaka kuokoa mavuno yao katika miaka ya mvua mbaya. Zina harufu ya moshi, na supu yake inafaa kwa mtu anayepona.

NANI ASILE?

Siliaki si mzio wa kawaida, wala si gesi ya tumbo. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, inaushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula husawazika kama zulia lililochakaa. Mtoto anakula lakini haingizi kitu. Ndipo unaona kuhara, tumbo kujaa, kudumaa, upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya chuma, vidonda vya mdomoni mara kwa mara, na kwa watu wazima mifupa kuwa dhaifu, au mimba kuharibika. Hauambukizi. Hurithiwa kwa sehemu, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja na mgonjwa nao wapimwe.

Aliyefumbua fumbo la ngano alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameanza kushuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ilipatwa na njaa kali kwa sababu ya vita, na mkate ukaadimika. Watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu wakati wenzao wanakonda, na mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika matokeo ya utafiti wake. Tangu hapo tiba ni moja, nayo ni kuacha gluteni kabisa, siku zote. Dawa ya kumeza ya kuuponya haipo mpaka leo.

Tulifundishwa chuoni kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa watoto Wasahrawi wa Sahara Magharibi, na zaidi ya watano katika kila mia walikuwa nao, kiasi kikubwa kuliko cha Ulaya. Kwetu hatusikii sana, na sababu moja ni kwamba ugali wetu wa mahindi hauna gluteni. Lakini maandazi, chapati na mkate wa dukani sasa viko mezani kila asubuhi, hata vijijini.

Gluteni iko katika ngano zote, pamoja na spelti. Iko katika shayiri, na katika nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya lebo za vyakula huihesabu spelti kuwa ngano waziwazi. Mwenye siliaki asiile, wala kidogo, wala siku ya sikukuu tu. Na mwenye mzio wa ngano, yule anayevimba midomo au kubanwa pumzi akila mkate, naye asiijaribu.

Lakini mbona watu wengine wanasema wameacha ngano, wakala spelti, na matumbo yao yakatulia? Hatuwaiti waongo. Wako watu wasio na siliaki ambao matumbo yao hujaa gesi kwa ajili ya aina ya wanga iliyomo katika ngano, na mkate wa spelti uliochachushwa taratibu kwa chachu, saa nyingi, una wanga huo kwa kiasi kidogo. Watu hao wanapata nafuu kweli. Kosa ni kuchukua nafuu ya jirani na kuifanya dawa ya mtoto wako, bila kujua kama ugonjwa ni ule ule.

Hapa tunawasihi kitu kimoja. Ukishuku kwamba mtoto ana siliaki, usimwachishe ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta alama za vita ndani ya mwili. Ukiisha kuiondoa ngano kwa miezi kadhaa, vita vimekwisha, na kipimo kitasema hana ugonjwa wakati anao. Njoo kwanza hospitali, tutakuandikia barua ya kwenda kwenye kipimo.

NYUMBANI KWA MGONJWA

Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, ndizi, maharage, nyama, samaki, maziwa, mboga na matunda yote ni ruksa. Kwa hiyo mtoto wa Kiafrika mwenye siliaki hahitaji unga wa ndege. Taabu iko mahali usipopategemea. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano itatia vumbi lake katika ulezi wako. Omba kusaga asubuhi kabla ya wengine, au saga kwanza debe moja la mahindi ya kuku. Unga wa uji wa lishe unaouzwa umechanganywa mara nyingi huwa na ngano. Mafuta yaliyokaanga maandazi yasikaange mihogo ya mgonjwa. Kijiko kilichokoroga uji wa ngano kioshwe kabla hakijaingia kwenye chungu chake. Tunajua ni kazi. Yule mama amefunga utepe mwekundu kwenye mwiko wa binti yake, na wadogo zake wote wanaujua.

SWALI LA KOMUNYO

Mama huyo alituuliza jambo ambalo hakuthubutu kumwuliza daktari. Binti yake alikuwa anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na hostia ni ya ngano. Alikuwa ameanza kufikiri kumtoa katika darasa la mafundisho.

Hakuna haja. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inadai mkate wa ngano tupu, na Idara ya Mafundisho ya Imani mwaka 2003, kisha Idara ya Ibada na Sakramenti mwaka 2017, zilieleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi. Hostia ya unga wa mchele au muhogo haiwezi kutumika. Lakini hostia ya ngano iliyopunguzwa gluteni mpaka kiasi kidogo sana, mradi bado ni mkate wa kweli, inafaa. Masista Wabenediktini wa Clyde, Missouri, Marekani, wanazitengeneza. Na njia iliyo rahisi kwetu ni kupokea kwa umbo la divai peke yake. Kristo yupo mzima pale. Ruhusa huombwa kwa Askofu kwa njia ya Baba Paroko. Kikombe cha mgonjwa kiwe cha pekee, kisitumbukizwe kipande cha hostia wala kuguswa na midomo ya waliokwisha kupokea mkate. Mkumbusheni padre kwa upole kabla ya Misa, siyo wakati wa Misa.

Baba Paroko aliposikia, alisema tu, "Kwa nini hamkuniambia mapema?"

Baada ya wiki tano bila chapati zile, kuhara kulikoma na kilo mbili zikarudi. Unga uliobaki, kilo tatu na kitu, mama alitugawia, nasi tuliuoka mikate ya kopo kwa wauguzi wa zamu ya usiku. Siku ya Komunyo ya Kwanza binti alipokea kwenye kikombe kidogo cha kwake, na nyumbani wageni wote walilishwa kutoka sinia moja, la vitumbua. Aliotupikia ni hivi: vikombe viwili vya mchele viloweke usiku, uvichuje na kuvisaga laini pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito la nazi, tia nusu kikombe cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira na iliki iliyotwangwa, acha rojo liumuke saa moja, kisha kaanga kwa mafuta machache katika chuma cha vitumbua, ukigeuza upande wa chini ukishakuwa wa kahawia. Chuma hicho na mafuta hayo visiwe vimegusa ngano.